Nguzo ya Kuvutia Skii: Kazi Iko Chini ya Sakafu

Mteja akinijia Mtwapa akitaka nimfungie nguzo ya kuvutia mchezaji wa skii ya majini, maswali yake karibu yote huwa ya nguzo: iwe na urefu gani, paipu ya inchi ngapi, ing'ae vipi. Mimi humwomba kwanza tufungue sakafu nione ngama, ile nafasi ya chini kabisa ya boti. Katika miaka yote ya kutengeneza boti za faiba kwenye mahori ya Mtwapa na Kilifi, sijakutana na nguzo iliyokatika katikati. Nilizokutana nazo zimeng'oka na kipande cha sakafu, au zimelala nyuma huku zimepasua faiba duara zima kuzunguka bamba la chini. Nguzo ni nzima, boti ndiyo imeshindwa.

Jambo hili linanikera kwa sababu ni la hatari na halionekani. Kamba ikiwa imekaza, nguzo iking'oka inaruka kuelekea nyuma na nguvu zote zilizokuwa kwenye kamba. Aliyekaa nyuma yake hana nafasi ya kukwepa, na mara nyingi ni mtoto, kwa kuwa watoto ndio wanaopenda kukaa nyuma wamtazame mwenzao akiteleza.

Kuna watakaouliza nguzo ya nini wakati boti ina ringi mbili nyuma. Kwa ringi boti inavuta, ni kweli. Lakini mchezaji akikata kwenda pembeni, anauvuta mkia wa boti uende naye, na nahodha anabaki kupigana na usukani. Mashine iko mkiani, mvuto nao uko mkiani, boti inakosa pa kugeukia. Kamba ikilegea nayo inaangukia karibu na propela. Nguzo inausogeza mvuto mbele ya mashine, karibu na katikati ya boti, na kuipitisha kamba juu ya kichwa cha mashine. Mchezaji akivuta pembeni, boti nzima inasogea kidogo lakini pua inabaki inatazama inakokwenda. Kwenye boti ndogo nyepesi tofauti hiyo unaihisi mara moja.

Kazi iliyonifundisha kuliko zote ilikuwa ya mama mmoja wa Kilifi, mwenye boti ya futi 17 na mashine ya farasi 90. Maji ya hori la Kilifi hutulia kabisa alfajiri kabla ya upepo kuanza, na familia yake walikuwa wakiitumia saa hiyo kumfundisha binti yao. Msichana alikuwa amevuka hatua ya skii mbili, sasa anateleza kwa moja na kukata kwa nguvu. Mama alinionyesha picha kwenye simu: nguzo imeinamia nyuma, bamba lake limeinuka upande wa mbele.

"Fundi, si tutaweka tu bolti kubwa zaidi?"

"Mama, bolti hazina kosa. Tazama kile zilichokishika."

Zilikuwa bolti nne nzuri kabisa, zimepita kwenye plaiwudi ya milimita 12 iliyofunikwa faiba nyembamba juu, na chini zina washa ndogo tu, zile pete bapa za chuma zinazokaa chini ya nati. Za nyuma zilikuwa mahali pake. Za mbele washa zake zilikuwa zimezama ndani ya mbao na moja ilikuwa imepenya kabisa. Ndivyo inavyokuwa kila mara. Mchezaji anavuta nyuma kwa juu, kwa hiyo nguzo inataka kulala. Ukingo wa nyuma wa bamba unaikandamiza sakafu na ukingo wa mbele unang'oka.

Nilimfanyia hesabu kwa penseli juu ya kipande cha plaiwudi, na tangu hapo humfanyia kila mteja, maana inamaliza ubishi. Chukua mtu mzima anayekata kwa nguvu. Mimi huweka kilo 300. Si kwamba kila mtu anafika hapo, ila naipimia boti siku yake ngumu. Kamba imefungwa sentimita 75 juu ya sakafu. Bolti za mbele na za nyuma zimeachana sentimita 20. Zidisha 300 kwa 75, kisha gawanya kwa 20: unapata kilo 1,125. Zaidi ya tani moja inayozing'oa bolti mbili za mbele kwenda juu, kutoka kwenye mbao iliyotengenezwa ili watu wakanyage kwenda chini. Bolti nene zaidi haibadilishi chochote hapo. Itang'oa tundu kubwa zaidi.

Mjomba aliyenilea kwenye kazi hii alikuwa fundi wa madau kabla faiba haijatawala, na jibu la tatizo hili nilikuwa nimeliona kwake nikiwa mdogo. Mlingoti wa dau haushikwi mahali pamoja. Mguu wake umekaa chini kwenye mkuku, ile mbao kuu ya chini kabisa ya chombo, na juu kidogo unapita kwenye ubao mnene unaokwenda kutoka ubavu hadi ubavu. Hakuna anayeupigilia mlingoti misumari kwenye sakafu akategemea usimame. Nguzo ya skii ni mlingoti unaovutwa na mtu badala ya tanga, basi nikaamua kuitendea hivyo.

Kwenye boti ya mama yule, kutoka sakafuni hadi chini kabisa kulikuwa na sentimita 25. Nguzo ikipita sakafu na mguu wake kushikwa chini, nguvu hazijapotea: kwa kilo zile zile 300, sakafu inasukumwa nyuma kwa kilo 1,200 na mguu unasukuma mbele kwa kilo 900. Ni nyingi. Lakini sasa zinakwenda ubapa, sambamba na sakafu na sambamba na sehemu ya chini ya boti, na huko ndiko faiba na plaiwudi zina nguvu. Hakuna tena kitu kinachobanduliwa kwenda juu. Kisha tukaongeza mikono miwili ya paipu kutoka kwenye shingo ya nguzo, inayoshuka mbele chini ya viti na kupanuka kulia na kushoto hadi juu ya stringa, yale mataruma marefu yanayokwenda toka mbele hadi nyuma. Mikono hiyo inakanyaga sentimita 120 mbele ya nguzo. Rudia hesabu kama mikono ingebeba kazi yote peke yake: 300 mara 75, gawanya kwa 120, ni chini ya kilo 190 za kung'oa, tena zimegawanywa kwenye miguu miwili. Toka tani moja na zaidi hadi hapo, bila kuongeza unene wa bolti hata moja. Mama aliitazama ile hesabu kwa muda, akasema, "Basi fungua sakafu."

Kabla ya kukata chochote, tulitoa betri na tangi la mafuta, tukaacha ngama wazi usiku kucha na asubuhi tukapitisha hewa kwa feni iliyokaa mbali, nje ya boti. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala chini kabisa, na grainda inatoa cheche. Hapa sitanii na mwanafunzi wangu yeyote. Asiyesubiri, simruhusu kushika mashine.

Tulichokikuta chini kilieleza mengi. Kupitia matundu ya bolti za zamani, ambazo hazikuzibwa vizuri, maji ya chumvi yalikuwa yameingia ndani ya plaiwudi, na kipande chote kuzunguka nguzo kilikuwa cheusi na laini. Foma iliyokuwa kati ya stringa ilikuwa imelowa na nzito. Stringa zenyewe, kwa bahati njema, zilikuwa ngumu. Nilizigonga kwa mpini wa bisibisi toka mwanzo hadi mwisho: penye uzima pana mlio mkavu mkali, penye kuoza mlio unakufa. Penye shaka nilitoboa tundu dogo na kutazama unga unaotoka, kama ni mkavu au unanata. Laiti stringa zingekuwa zimeoza, tungeanza na hizo, na nguzo ingesubiri mwaka mwingine.

Kati ya stringa tulijenga kuta mbili fupi za plaiwudi ya milimita 18, moja mbele ya nguzo na moja nyuma, tukaziacha na matundu chini ili maji ya ngama yapite. Sakafu mpya ikalala juu ya kuta hizo. Chini, mguu wa nguzo ulikaa kwenye kikombe cha paipu kilichochomelewa kwenye bamba. Bamba hilo halikutoboa boti hata kidogo. Lilikaa juu ya tabaka za faiba zilizopanuka hatua kwa hatua, kila tabaka pana kuliko iliyo juu yake, ili nguvu isikomee kwenye mstari mmoja. Ukiweka kitu kigumu chenye ukingo mkali juu ya faiba nyembamba, boti ikipiga mawimbi itapasuka kufuata ukingo ule ule. Kikombe nacho kina tundu la kutolea maji. Watu husema chuma cha stenlesi hakishiki kutu, lakini kikikaa kwenye maji ya chumvi yaliyotuama yasiyopata hewa, kinaliwa mahali ambapo huoni.

Kwenye pembe, kabla ya kulaza faiba, tulijaza uji mzito wa epoksi, gundi ya kuchanganya sehemu mbili, na unga wa silika, tukaukokota kwa kijiko hadi pembe ikawa na mviringo. Faiba ikikunjwa kwenye pembe kali inaacha hewa chini yake, na hapo ndipo itakapoachia. Kila mahali pa zamani palisuguliwa kwa msasa namba 40 hadi mng'ao ukaisha, kisha pakafutwa kwa asetoni. Rezini mpya, ile gundi inayolowesha faiba, haiungani na faiba ya zamani iliyokwisha kukauka; inaishika kwa mikwaruzo tu. Usiposugua, umepaka rangi tu.

Na hapa nina msimamo ambao baadhi ya wateja hawaupendi kwa sababu ya bei. Kwa kujenga boti mpya, poliesta, ile rezini ya kawaida ya bei nafuu, inatosha, nami naitumia. Kwa kushikiza kitu kipya chenye mzigo kwenye boti ya zamani, natumia epoksi. Inashika mbao na faiba ya zamani vizuri zaidi. Ila ukishaiweka usirudi nyuma, kwa sababu poliesta juu ya epoksi haishiki vyema. Vipimo vya epoksi havibadilishwi: mafundi waliozoea poliesta huongeza hadina, dawa ya kuigandisha rezini, wakidhani itakauka haraka, kumbe wameiharibu, itabaki laini. Na kwenye unyevu wetu wa pwani, epoksi nyingi zikikauka huacha utando unaoteleza juu yake. Uoshe kwa maji na sponji ngumu, ukauke, usugue, ndipo uweke tabaka linalofuata.

Wanaotumia poliesta nawaomba jambo moja. Hadina ni gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja ya rezini. Wakati wa kaskazi, jua likishapanda, hata gramu 10 inaganda mkononi, kwa hiyo kazi ni saa moja asubuhi chini ya kivuli, kwa vikombe vidogo. Usishuke chini ya gramu 10 ukitafuta muda, maana rezini inaweza isikomae kamwe. Hadina ile ikirukia jicho inaweza kulipofua, vaa miwani. Na kama unanunua kobalti, dawa ya kuharakisha kuganda, kando, usiichanganye moja kwa moja na hadina. Zikikutana zenyewe zinaweza kulipuka. Kobalti inachanganywa kwenye rezini kwanza hadi ipotee humo, ndipo hadina ije baadaye. Nimeona vyombo viwili hivyo vimewekwa kwenye ndoo moja, nikaomba vitenganishwe kabla ya kuendelea na salamu.

Suala la paipu lilichukua muda kuliko nilivyotarajia. Fundi wa kuchomelea alikuwa na paipu nzuri inayong'aa, ile inayotumika kwenye reli za ngazi za nyumba. Nyingi ya hizo ni nyembamba, milimita moja na nusu hivi, zimetengenezwa kushikiliwa na mkono wa mtu anayepanda ngazi. Akaweka sumaku, haikunasa, akasema, "Kaka, hii ni stenlesi safi." Lakini sumaku haikwambii unachotaka kujua. Gredi ya 201, ya 304 na ya 316 zote kwa kawaida sumaku haizinasi vizuri, na tofauti zao baharini ni kubwa. Ya 316 ina molibdenamu ndani yake na ndiyo inayovumilia chumvi. Tuliagiza 316, inchi 3, unene wa milimita 4, tukadai karatasi ya gredi. Kwa kuwa mikono ile ipo, ingewezekana kupunguza unene kidogo, lakini nilitaka nguzo isimame hata siku ambayo mtu ataufungua mkono mmoja ili apitishe mizigo. Baada ya kuchomelea kwa agoni, ile rangi ya bluu na kahawia inayobaki kando ya weldi lazima isafishwe kabisa hadi chuma cheupe. Ikiachwa, kutu inaanzia hapo hapo.

Bolti za miguu ya mikono zilipita kwenye matundu yaliyotobolewa makubwa kwanza, yakajazwa epoksi, yakakauka, ndipo yakatobolewa tena kwa kipimo cha bolti. Kwa njia hiyo bolti haigusi mbao kabisa, na maji yakipenya yanakutana na epoksi. Chini niliweka mabamba ya stenlesi ya kusambaza mzigo. Kuna anayependa alumini kwa wepesi wake, lakini alumini ikigusana na stenlesi kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Mzingo wa nguzo sakafuni tuliuziba kwa Sikaflex, gundi ya kuzibia inayonyumbuka kama mpira, na kando yake tukaweka kifuniko cha duara cha kufungua kwa mkono, ili mtu yeyote aweze kuingiza tochi na kutazama mguu wa nguzo. Kifuniko hicho ni cha bei ndogo, na kama ningelazimishwa kuacha kitu kimoja kwenye kazi nzima, kisingekuwa hicho.

Kabla ya kuipeleka majini, tulijaribu nchi kavu. Boti ilifungwa kwenye treila kwa mikanda, treila ikafungwa kwenye pikapu, magurudumu yakawekewa magogo. Kutoka kwenye nguzo kamba ikaenda nyuma hadi kwenye shina la mwembe, katikati pana cheni bloku na mizani ya kuning'inia. Juu ya kamba tulitupia magunia mazito yaliyolowa, ili ikikatika isiruke, na wote wakaondoka kwenye mstari wake. Tukavuta polepole hadi kilo 300, tukaacha, tukasikiliza. Kisha tukasogeza boti, tukavuta kwa mshazari, kulia na kushoto, kwa sababu mchezaji hakai nyuma tu. Uzi wa kuvulia ulikuwa umetandazwa juu ya sakafu kutoka ubavu hadi ubavu ili tuone kama sakafu inavimba. Kichwa cha nguzo kilisogea milimita chache na kurudi. Sakafu ilitulia, na hakuna mlio wowote. Mama alikuwepo, na binti yake alikuwepo. Niliwataka wote wawili walale kifudifudi watazame kupitia kile kifuniko wakati mzigo umeondolewa, wajue kilichoko chini ya miguu yao.

Jambo la mwisho nililogombana nalo ni matumizi. Nguzo hii ilipimwa kwa mtu mmoja juu ya skii. Mwezi haukupita sana, nahodha wa boti ile akanipigia simu.

"Fundi, wageni wanataka ndizi. Nguzo si imara?"

Ni imara, kwa kazi yake. Puto la kuvutwa, au ndizi, yaani puto refu linalobeba watu kwa mstari, ni kitu kingine. Mchezaji wa skii akizidiwa anaachia mkono na mzigo unaisha. Watu walio juu ya puto wamekaa. Puto likizamisha pua kwenye maji linageuka ndoo, na boti inaendelea kwenda mbele kwa uzito wake wote. Hata kamba zake ni tofauti: kamba ya puto la mtu mmoja hutakiwa ishike karibu kilo 680, na ya watu wawili zaidi ya tani moja. Zidisha namba hizo kwa sentimita 75 uone zinafika wapi. Kwa mzigo kama huo kamba irudi chini, kwenye ringi mbili za nyuma zilizopitishwa bolti na kuwekewa mabamba ndani, kwa kamba ya pacha inayogawanya mvuto. Usukani utakuwa mgumu, basi aende polepole. Na zile nguzo ndefu za zaidi ya mita mbili kwa ajili ya wekibodi, ubao mmoja wa kusimamia, kwenye boti ya futi 17 sizifungi. Zinaipindua boti ubavuni kabla hata hazijang'oka. Nahodha alinielewa. Tulichapa maandishi kwa rangi nyeusi kwenye nguzo yenyewe: MTU MMOJA. SI PUTO. SI NDIZI.

Kila msimu wa kusi unapoisha boti hurudi kwangu. Nafungua kifuniko, namulika mguu, naangalia kama kuna mstari mweupe kwenye faiba pembeni ya kuta zile mbili, maana faiba huonyesha mstari mweupe kabla ya kupasuka. Nakaza nati kwa mkono, nabadilisha iliyoanza kutoa rangi ya kahawia. Sikaflex ya sakafuni nimeshaibadilisha, ilikuwa imeanza kuachia upande wa nyuma, pale nguzo inapoegemea zaidi. Mwaka huu binti ameomba kamba ishushwe sentimita 10 kwa sababu anakata chini zaidi kuliko zamani. Tumehamisha ndoano, na hesabu imekuwa nyepesi kwetu: 65 badala ya 75.